Nani Anahesabu Siku za Mgonjwa wa Saratani Tarime?

Mwaka 1977 watoto wa wilaya iliyoitwa Mara Kaskazini, eneo ambalo leo ni Tarime na Rorya, walianza kugawiwa vidonge vya klorokwini mara mbili kila mwezi. Nia haikuwa kuzuia malaria tu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilitaka kujua kama malaria ikipungua, limfoma ya Burkitt nayo itapungua. Huu ni uvimbe mkali unaowapata watoto, mara nyingi kwenye taya au tumboni. Kitovu cha kazi hiyo kilikuwa hospitali ya Wamenoniti ya Shirati, karibu na Ziwa Viktoria, na Dkt. Brubaker wa hospitali hiyo alikuwa miongoni mwa walioandika matokeo. Ugawaji wa vidonge ulikoma 1982.

Wagonjwa walipungua hadi kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa katika eneo hilo, na vidonge vilipokoma wakaongezeka tena. Mtu mwenye haraka angeita waandishi wa habari. Ripoti iliyochapishwa 1989 haikutangaza ushindi wowote, kwa sababu watafiti walikuwa na kitu ambacho miradi mingi ya afya haina, yaani hesabu ya miaka ya nyuma. Tangu 1964 wagonjwa wa uvimbe huo Mara Kaskazini walikuwa wakiandikwa mmoja mmoja, kijiji kwa kijiji, na mwaka 1973 hesabu ya miaka saba ya kwanza ilishachapishwa katika jarida la Uingereza. Daftari hilo lilionyesha kwamba idadi ilikuwa imeanza kushuka kabla ya mtoto wa kwanza kumeza klorokwini. Bila daftari, klorokwini ingepewa sifa ambayo huenda haikuwa yake.

Kwa hiyo kabla ya watu wengi wa mikoa mingine ya Tanzania kusikia kwamba saratani inahesabika, huku ilikuwa imehesabiwa kwa miaka karibu ishirini. Na kati ya 2010 na 2016 utafiti mwingine wa Burkitt, uliohusisha Uganda, Kenya na Tanzania, ulirudi tena Mara na Mwanza. Ninalotaka kulijadili ni tofauti kati ya hesabu hizo na hesabu anayoihitaji mgonjwa. Watafiti walihesabu wagonjwa ili kujua chanzo cha ugonjwa. Hesabu ya tiba yenyewe ni nyingine: mgonjwa alichukua siku ngapi kutoka mlango wa kwanza aliobisha hadi dozi ya kwanza, na kutoka dozi ya kwanza hadi ya mwisho? Kwa mkazi wa Nyamisangura, naamini ubora wa tiba ya saratani umo humo zaidi, katika siku hizo, kuliko ndani ya hospitali yoyote moja.

Tazama njia yenyewe. Nyamisangura ni kata ya Halmashauri ya Mji Tarime. Kwa malaria, uzazi au jeraha la ajali ya bodaboda, mkazi wake hana safari ndefu. Hospitali ya mji ipo karibu. Kwa saratani ngazi zinaongezeka. Kuna zahanati au kituo cha afya, kuna hospitali ya mji, kuna hospitali ya rufaa ya mkoa Musoma, kisha Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, na wengine huendelea hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kutoka Tarime hadi Mwanza ni karibu kilomita 300: unavuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, unapita Bunda, Lamadi na Magu. Wapo wanaoona ni rahisi kuvuka mpaka pale Sirari wakatafute vipimo Migori au Kisii, na hao hupotea kabisa katika vitabu vya Tanzania.

Kila ngazi ina mwenyewe. Hospitali ya mji iko chini ya halmashauri, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Hospitali ya mkoa iko chini ya Wizara ya Afya. Bugando, iliyofunguliwa 1971, ni ya Baraza la Maaskofu Katoliki ikiendeshwa kwa ubia na serikali. Kila mmoja anaandika taarifa kwa mkubwa wake, na taarifa zote zinaweza kuwa sahihi huku mgonjwa akiwa amepotea katikati. Tarime inaandika: amepewa rufaa. Mwanza inaandika: amefika akiwa hatua ya nne. Miezi iliyopita kati ya sentensi hizo mbili haina wa kuulizwa.

Vitabu vyenyewe ndivyo vilivyo. Anayefika kliniki ya wagonjwa wa nje huandikwa katika kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya: jina, umri, anakotoka, ugonjwa, dawa. Ni kitabu kizuri cha kuhesabu mahudhurio. Lakini kilitengenezwa kwa ugonjwa unaoanza na kuisha siku hiyo hiyo, na mtu akirudi baada ya wiki tatu na uvimbe ule ule anaandikwa mstari mpya kama mgeni. Hakuna safu ya kuuliza aliutambua lini, wala alikwenda wapi baada ya kutoka.

Wataalamu wa ubora wana namna ya kulipanga jambo hili. Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyefundisha Chuo Kikuu cha Michigan, aliandika 1966 kwamba ubora wa tiba unaweza kutazamwa kupitia vilivyopo, yaani majengo, watu na vifaa, kupitia yanayofanyika, na kupitia matokeo kwa mgonjwa. Sisi tumebobea katika lile la kwanza. Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere iliyopo Kwangwa, Musoma, ilianza kujengwa miaka ya 1970 ikakwama kwa miongo kadhaa, na ilipokamilika watu wa Mara walikuwa na haki ya kufurahi. Ocean Road ilipopata mashine za kisasa za mionzi 2018 ilikuwa habari kubwa. Lakini jengo na mashine ni ahadi, na ahadi hupimwa kwa kutekelezwa.

Hata upimaji wa kuvipa vituo nyota kulingana na ubora, ulioanza 2015 kwa zahanati, vituo vya afya na hospitali za halmashauri, ulielemea zaidi upande wa vilivyopo na taratibu. Sisemi ulikuwa bure. Katika duru ya kwanza karibu theluthi moja ya vituo nchini vilipata nyota sifuri, na serikali ikakubali kuyasema hayo hadharani, jambo ambalo si la kawaida. Duru ya pili ilionyesha sifuri zimepungua sana. Lakini zahanati yenye choo safi, dawa rafuni na ubao wa matangazo inaweza kupata nyota zake zote na bado ikamrudisha nyumbani mama mwenye uvimbe wa titi akiwa na panadoli.

Tuseme basi kuna mama huyo. Ana miaka 45, anauza ndizi sokoni Tarime, na ameona uvimbe usiouma. Kwa kuwa hauumi anasubiri. Shemeji yake anamwambia ni maziwa yaliyoganda. Hatimaye anakwenda kituo cha afya, anapewa antibayotiki za siku saba, kwa sababu aliyemwona amezoea majipu. Anarudi, anaandikiwa kwenda hospitali ya mji. Daktari anamshika, anashuku, anaandika rufaa. Sasa inahitajika nauli ya watu wawili, kwa maana mgonjwa haendi peke yake, na mahali pa kulala. Anauza mbuzi, au anasubiri ndizi zikomae. Anafika, anakatwa kinyama, anaambiwa arudi kuchukua majibu. Anarudi Tarime kwa sababu gesti ni pesa. Majibu yakitoka anapigiwa simu, na namba iliyoandikwa ni ya mtoto wa jirani aliyeshahamia Nyamongo.

Huyu mama nimemtunga, ila hakuna hatua hata moja hapo ambayo muuguzi wa hospitali yoyote ya wilaya Kanda ya Ziwa ataishangaa. Angalia pia kwamba hakuna mtu mmoja aliyefanya kosa kubwa. Ukifanya ukaguzi wa kila kituo peke yake, kila kimoja kitapita.

Ndiyo maana napenda vipimo vilivyowekwa na Shirika la Afya Duniani katika mpango wake wa saratani ya matiti, ambao mwongozo wake ulitoka 2023. Ni vitatu tu, na vyote vinamfuata mtu badala ya jengo. Asilimia 60 ya wagonjwa watambuliwe wakiwa hatua ya kwanza au ya pili. Vipimo vikamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa alipofika mara ya kwanza. Na asilimia 80 wamalize matibabu yote waliyopangiwa. Kwa Tanzania, ambako madaktari wa Ocean Road na Bugando wamekuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba wagonjwa walio wengi hufika hatua ya tatu na ya nne, kipimo cha kwanza kiko mbali. Cha pili kinaweza kuanza kuhesabiwa kesho kwa kalamu na daftari. Cha tatu ndicho kinachoniogopesha, kwa sababu kinahitaji kumtafuta aliyeacha kuja.

Kwa mtoto wa Burkitt siku 60 ni nyingi mno. Tangu Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alipoueleza uvimbe huu 1958, imejulikana kwamba ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Jino linalegea, wazazi wanashauriwa mtoto ang'olewe, jino linang'olewa, shavu linazidi kuvimba. Ubaya wake una nafuu yake: uvimbe unaokua upesi hivyo huyeyuka upesi ukikutana na dawa. Katika nchi tajiri zaidi ya watoto 90 kati ya 100 hupona. Barani Afrika idadi ni ndogo kuliko hiyo kwa mbali, na dawa za msingi ni zile zile za zamani zilizokuwa zikitumika Kampala na Shirati tangu miaka ya 1960. Shirika la Afya Duniani limeiweka Burkitt katika saratani sita za watoto ambazo nchi zitapimwa nazo, lengo likiwa angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani waishi ifikapo 2030. Kwa Tarime, eneo lililotoa damu na picha kwa watafiti wa ugonjwa huu kwa vizazi viwili, kumtibu mtoto wa Burkitt ndani ya wiki moja si hisani.

Wiki moja inawezekana vipi? Hapa nina msimamo ambao baadhi ya madaktari hawataupenda. Mgonjwa asafiri akiwa na majibu. Kinachopaswa kupanda basi mwanzo ni kinyama. Kukata kipande kidogo cha titi, au kuvuta seli za uvimbe kwa sindano nyembamba na kuzipaka kwenye kioo, ni kazi inayoweza kufanyika Tarime au Musoma kwa aliyefundishwa. Kipande kikitiwa fomalini ya kutosha, kwenye kopo lenye jina na tarehe, kinafika Mwanza siku hiyo hiyo bila kulala gesti wala kula mgahawani. Daktari wa patholojia anakisoma, majibu yanarudi kwa simu, na mwenye saratani anaondoka Tarime akiwa ameshapangiwa siku na kitanda. Ambaye hana saratani haondoki kabisa, na hao ndio wengi. Sasa hivi tunawasafirisha wote wawili kilomita 300 ili kujua nani ni nani.

Kuna pingamizi la haki: fomalini ikiwa kidogo au kopo likivuja kinyama kinaoza, na majibu ya kinyama kilichooza ni mabaya kuliko kukosa majibu. Basi hilo nalo lipimwe. Maabara ya Mwanza iandike kila mwezi ni makopo mangapi yalifika kutoka Mara yakiwa hayafai, na idadi hiyo irudishwe kwa waliokata. Hakuna fundisho kali kama hilo. Kingine cha kupima ni kama kinyama cha titi kimepimwa vipokezi vya homoni, kwa sababu bila hicho daktari anatoa dawa ya tamoksifeni kwa kubahatisha, wengine wakinywa kwa miaka mitano kidonge kisichowahusu.

Saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza kwa kuwaua wanawake wa Tanzania, ndiyo yenye vipimo vilivyokomaa zaidi, na inafundisha jinsi namba inavyoweza kusomwa. Chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani hiyo, ilianza nchini Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na 2024 ikawa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Kwa wakubwa kuna kipimo cha siki: muuguzi anapaka siki kwenye shingo ya kizazi, anasubiri dakika moja, na panapogeuka peupe pana mashaka. Panapofaa, panagandishwa au kuunguzwa siku hiyo hiyo. Katika kundi la kawaida la wanawake wa umri wa kupimwa hutarajiwa kwamba watano hadi kumi kati ya mia wataonyesha weupe. Kituo kinachopima wanawake mia tano na kuandika sifuri hakina wanawake wenye bahati. Kina muuguzi ambaye hajui anachokitafuta, au taa imekufa. Kituo kinachoandika thelathini kati ya mia kinaunguza wasio wagonjwa. Namba hii moja, ambayo karibu kila kituo tayari kinayo, inaweza kumwonyesha Mganga Mkuu wa Mji ni wapi pa kupeleka mkufunzi wiki ijayo.

Badala yake, tunachosikia redioni baada ya kila kampeni ni idadi ya waliopimwa. Hema linafungwa, mgeni rasmi anasoma: wanawake elfu moja na mia mbili wamefikiwa. Sijasikia hata mara moja mgeni rasmi akisoma ni wangapi kati ya waliokutwa na dalili walifika Mwanza, na wangapi walimaliza. Kambi za madaktari bingwa zilizotembezwa kwenye halmashauri tangu 2024 zimewasogezea watu wataalamu ambao wasingewaona, na hilo ni jema. Lakini bingwa anayemtambua mgonjwa Ijumaa na kuondoka Jumamosi ameongeza jina moja kwenye orodha isiyo na mwenyewe.

Matokeo, lile la tatu katika mpango wa Donabedian, ndiyo magumu kuliko yote, na lazima tuwe waangalifu nayo. Ukizipanga hospitali kwa idadi ya vifo vya saratani, Bugando itaonekana mahali pa kufia, maana inapokea waliochelewa wa kanda nzima, na hospitali inayowafukuza wagonjwa mlangoni itaonekana bora. Waingereza walijiwekea lengo la siku 62 kutoka rufaa ya dharura hadi tiba ya kwanza, kwa wagonjwa 85 kati ya 100. Wameshindwa kulifikia kwa karibu muongo mzima, wakiwa na fedha zote hizo. Sioni aibu yao hapo. Naona nchi inayojua kwa kiasi gani imeshindwa, na inaweza kuulizwa bungeni.

Kujua huko kuna gharama yake. Ernest Codman, daktari mpasuaji wa Boston, alitaka kila hospitali imfuatilie kila mgonjwa baada ya kutoka na kutangaza matokeo, yakiwemo makosa. Wenzake hawakumpenda. Alifungua hospitali yake ndogo, na kati ya 1911 na 1916 akachapisha habari za wagonjwa wake 337 akikiri makosa 123. Hospitali ilifungwa. Baadaye alianzisha daftari la saratani ya mifupa, moja ya madaftari ya kwanza ya saratani duniani.

Kwa upande wa mionzi kuna mfano wa upimaji ambao ni wa kimyakimya na umefanya kazi kwa zaidi ya nusu karne. Tangu 1969 Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, pamoja na Shirika la Afya Duniani, hutuma kwa posta kidonge kidogo chenye kitu kinachohifadhi kumbukumbu ya mionzi. Hospitali inakipiga kipimo kile kile ambacho ingempiga mgonjwa, inakirudisha Austria, na maabara inasoma kama kilichopokelewa kinalingana na kilichokusudiwa. Tofauti ikizidi asilimia 5, wataalamu wanawasiliana na hospitali hiyo watafute kosa. Hakuna anayedhalilishwa gazetini, na mgonjwa hakai chini ya mashine isiyojulikana inatoa nini. Mashine ikisimama, hata hivyo, kidonge hakisaidii. Wagonjwa wa Uganda walilijua hilo Aprili 2016, mashine pekee ya mionzi ya umma Kampala ilipokufa na kuwaacha kwa zaidi ya mwaka mmoja wakitafutiwa nafasi Nairobi. Siku ambazo mashine haikufanya kazi ni kipimo cha ubora, na ni rahisi kuzihesabu: zibandikwe ukutani.

Na kuna wasiopona. Wengi wa wanaofika hatua ya nne hawatapona hata tufanye nini, na tiba nzuri kwao ni kulala usiku bila kulia. Anne Merriman alipofungua huduma ya hospisi Kampala 1993 alitumia morfini ya unga iliyochanganywa na maji, dawa ya bei nafuu kabisa, na 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika. Mtu anayetaka kujua hali ya tiba ya saratani katika halmashauri yoyote ya Mara anaweza kuuliza swali moja tu kwenye stoo ya dawa: mwezi uliopita mlitoa chupa ngapi za morfini ya kunywa? Jibu litamwambia mengi kuliko ripoti ya kurasa arobaini.

Fedha inakatiza kila hatua niliyoitaja. Saratani imo kwenye orodha ya magonjwa ya msamaha, na bado msamaha haulipi nauli, chakula wala siku za kazi zilizopotea. Bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF iliyoboreshwa, iliyoanza 2018 kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, iliishia hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani mwanachama wa Tarime kadi yake ilikoma Musoma, na ugonjwa ukamtaka Mwanza. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeahidi mengi. Kitakachomhusu mgonjwa wa Nyamisangura ni kama kifurushi chake kitavuka daraja la Kirumi.

Nani basi afuatilie? Watu wa Tarime tayari wanajua namna ya kumfuata mgonjwa kwa miaka, kwa sababu wanafanya hivyo kila siku kwenye kliniki za CTC. Anayeishi na virusi vya UKIMWI ana namba yake, ana kadi anayobaki nayo na nyingine inayobaki kliniki, ana tarehe ya kurudi, na asipotokea kuna mtu anayepiga simu au kwenda hadi mtaani kwake kwa staha bila kumtangaza. Ndiyo namna ile ile inayotakiwa kwa saratani. Wanawake wengine tayari ni wa kliniki hizo hizo: mwenye virusi ana hatari ya saratani ya shingo ya kizazi takriban mara sita zaidi ya asiye navyo. Tatizo ni kwamba mfumo wa CTC ulijengwa kwa fedha za wafadhili waliodai namba kila robo mwaka. Kwa saratani hakuna anayedai.

Inahitajika kidogo kuliko watu wanavyodhani. Muuguzi mmoja hospitali ya mji, daftari moja, simu moja yenye vocha ya kila mwezi. Kila anayeshukiwa saratani anaandikwa jina, namba yake, namba ya ndugu wawili wasioishi nyumba moja naye, na tarehe tano: aliyoona dalili, aliyofika kituo chochote mara ya kwanza, aliyokatwa kinyama, aliyopata majibu, aliyoanza tiba. Kisha anapigiwa simu kila baada ya miezi mitatu. Njia hii imeshajaribiwa. Utafiti wa saratani ya matiti ulioanza 2014 katika nchi tano za Afrika, Uganda ikiwemo, uliwafuata wanawake kwa simu kila miezi mitatu, na ndio uliotuambia kwamba takriban nusu yao walikuwa hai baada ya miaka mitatu, na kwamba zaidi ya robo ya vifo vingeweza kuepukwa kwa kutambua mapema na kutibu ipasavyo. Wagonjwa wa vijijini walipokea simu, na waliofariki, ndugu walipokea.

Daftari hilo lianze kabla ya mradi wowote wa kuboresha, hata kwa miezi sita tu ya kuhesabu bila kubadili kitu. Kila mradi niliouona ukiwasilishwa kwenye ukumbi wa halmashauri huja na grafu inayoanzia siku ya uzinduzi, na grafu ya namna hiyo hupanda daima. Wale wa Shirati wa 1977 walikuwa na miaka kumi na mitatu nyuma yao.

Lipo gumu moja ambalo sioni mwongozo ukiligusa. Halmashauri ya kwanza Mara kuhesabu siku hizi itaonekana mbovu kuliko jirani zake. Tarime Mji ikitangaza kwamba mgonjwa wake wa kawaida alichukua miezi saba kutoka dalili hadi dawa, huku halmashauri nyingine zikiwa hazina namba, mkuu wa wilaya atamwita Mganga Mkuu aeleze, na madiwani watauliza kwa nini hospitali yao imeoza. Mganga mwenye akili anayejua hivyo hataanza. Kwa hiyo agizo la kuhesabu linapaswa kutoka juu, kwa halmashauri zote za mkoa siku moja, pamoja na Bugando, na mwaka wa kwanza namba zisomwe kwenye kikao cha waganga wakuu pekee kabla ya kufika kwenye baraza la madiwani. Mwaka wa pili zisomwe barazani, na diwani wa Nyamisangura awe na haki ya kuuliza ni wangapi kutoka kata yake bado wanasubiri majibu.